Mkwe Haonwi Kifua

Kitendawili. Nyoka wangu hana sumu wala meno. Nikimvuta mkia naye ananivuta, na tukimaliza kuvutana anayetoka jasho ni mimi peke yangu.

Kwa desturi ukishindwa unanipa mji, lakini leo nina haraka, jibu nakupa bure. Ni kipande cha tyubu ya tairi la lori, kimekatwa vizuri kwa wembe, kikashonewa vitanzi vya turubai huku na huku. Nyoka huyo alikuwa wa Noel, dereva, mtoto wa Kiomboi, na nusura amkoseshe mke.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, kila mwenye lori akawa anafuata alizeti na vitunguu huko huko vinakolimwa. Noel aliendesha lori la tajiri mmoja wa Singida mjini. Alizeti anapeleka, sabuni na bati na mitumba anarudi navyo. Leo analala Manyoni, kesho Itigi, keshokutwa yuko Nduguti. Barabara zenyewe zilikuwa za kumtoa mtu meno. Madereva wenzake wakifika gesti wanaagiza nyama choma na bia, wakikaa mwaka mmoja tu kwenye usukani tumbo linatangulia kushuka garini. Noel yeye, kabla hajaomba hata maji ya kuoga, alipiga fundo kwenye mpira wake, akaupitisha juu ya mlango, akafunga mlango fundo likabaki upande wa nje. Hapo anashika vitanzi, anaegemea nyuma mpaka mwili wote unaning'inia, kisha anajivuta polepole kama anayetoka kisimani kwa kamba. Akimaliza anaukanyaga mpira katikati, vitanzi mabegani, anachuchumaa na kuinuka. Mwisho analala chali, miguu ndani ya vitanzi, anainua kiuno juu kama daraja. Palipokuwa hakuna mlango wa kuaminika alifunga kwenye bampa ya lori lake. Kule Itigi aliwahi kuvuta mlango ukatoka na fremu yake, na mama mwenye gesti akamwambia kwa upole kwamba kama alitaka kuondoka na mlango angesema mapema, amfungie na kitasa.

Na mpira huo huo ndio uliomfikisha kwa Asnath.

Asnath alikuwa binti wa Mzee Mughwai wa Mtinko, fundi wa cherehani pale gulioni. Siku ya gulio vitanzi vya Noel vilikuwa vimechanika, akaupeleka mpira kwa fundi wa kwanza aliyemwona. Asnath aliugeuza mikononi, akauliza kama ni wa kufungia mzigo au wa kufungia ng'ombe mkorofi. Noel akasema ni wa kujifunga mwenyewe. Asnath alipotaka kujua kwa nini mtu mwenye akili ajifunge, Noel akamjibu kwamba dereva akikaa sana kitini huota mizizi, kwa hiyo lazima ajinyooshe kila anapolala, la sivyo siku moja atashindwa kushuka garini wamnyweshe maji huko huko kama mti.

Asnath alicheka. Alikuwa na kicheko cha kuinamisha kichwa, kama anayekificha ndani ya kitambaa. Noel alikitazama kicheko kile, akasahau hata kuuliza bei.

Tangu hapo kila siku ya gulio kulikuwa na kitu cha Noel kilichochanika. Mara mfuko wa shati, mara turubai, mara shati lile lile upande mwingine. Wakategeana vitendawili huku cherehani inakwenda, na Noel alipokwama alitoa miji, kwa kuwa miji alikuwa nayo mingi. Halafu akamtuma Mzee Alute, jirani wa Mughwai, akapeleke posa. Posa ikapokewa.

Sasa kuna jambo lazima ulijue, vinginevyo hutaelewa yaliyotokea. Katika ukoo wa Mughwai, siku posa inapopokewa, mama wa binti na yule kijana wanaanza ukwe. Hawatazamani usoni, hawapeani mikono, hawasemezani ila kwa mdomo wa mtu wa tatu. Wakikutana njiani mmoja anaingia porini. Si chuki. Ni heshima kubwa kuliko zote, na mtu asiye mkwe hapewi. Na katika ukwe hakuna aibu inayozidi mama kumwona mkwewe kifua wazi.

Siku ya kuzungumzia ng'ombe wa mahari ilipowadia, Noel alifika jioni kwa gari la abiria, akalala kwa Mzee Alute kama inavyotakiwa. Alfajiri akaamka, mpira begani, akitafuta pa kuufunga. Nguzo za zizi la Alute zilikuwa zimeliwa na mchwa. Ng'ambo ya ua wa minyaa akaona nguzo nene ya mninga, imesimama kama askari. Akapita kwenye uwazi, akafunga. Shati alilivua na kulitundika, kwa sababu alikuja na mawili na lile lilikuwa la kukutana na wazee. Hakujua kwamba ua ule ndio mpaka, na kwamba nguzo ile ilikuwa ya zizi la Mzee Mughwai mwenyewe.

Mama Rahabu, mamaye Asnath, akatoka na kibuyu kwenda kukamua.

Alimkuta mkwewe chali juu ya samadi, miguu imening'inia kwenye nguzo, kiuno hewani, kifua kinang'aa jasho, pumzi zinatoka kwa kishindo. Kibuyu kikamponyoka. Noel aliruka, akajikwaa kwenye mpira wake, na kwa kuwa mdomo wa mtu mwenye hofu hukimbia kuliko akili, akasema, "Shikamoo mama."

Kumwona ilikuwa mzigo. Kumsemeza ikawa mzigo juu ya mzigo. Mama Rahabu alijifunika kanga mpaka usoni, akageuka, akarudi ndani huku ameshika kiuno kwa mkono mmoja, akafunga mlango. Ng'ombe wakabaki wanalia.

Jua lilipochomoza wazee walikuwa tayari wamekaa uani. Mzee Mughwai kwenye kigoda chake. Mzee Alute kando, ameshika kichwa, maana mshenga mgeni wake akiharibu, aibu ni yake. Na shangazi Elizabeti, dada mkubwa wa Mughwai, aliyekuja toka Singida mjini kwa ajili ya siku hii na ambaye tangu mwanzo hakumpenda dereva. Alikuwa akisema dereva ni mume wa barabara, huyo mwanamke wa nyumbani ni nyumba ndogo tu. Noel alikaa chini mbele yao, shati limefungwa vifungo hadi cha shingoni. Asnath alisimama mlangoni. Nyuma yake, ndani ya chumba, mama alikuwa amekaa kimya, lakini ukuta wa udongo hauzuii sauti.

Alute ndiye aliyeanza. Akasema kijana amekosea mpaka, si adabu, na kwamba yeye Alute atatoa mbuzi wa kufuta aibu hiyo macho ya mama yatulie. Shangazi akamkatiza.

"Mbuzi atafuta macho, sawa. Na akili atazifuta nani? Mwanaume mzima analala chali zizini miguu juu, kama mbuzi anayesubiri kuchunwa. Nimeishi mjini, nimeona mengi, hilo sijaliona."

Alute alitaka kucheka, akakohoa. Mzee Mughwai hakucheka. Alimtazama Noel, si kwa hasira.

"Mwanangu," akasema, "mimi nitakuuliza mara moja tu. Kile ulichokuwa unafanya ni mchezo, au ni dawa?"

Noel angeweza kusema ni mchezo. Wanajeshi wanafanya, wachezaji mpira wanafanya, nani angembishia? Akamwangalia Asnath pale mlangoni. Asnath alikuwa akimtazama kwa macho ya mtu anayejua jibu tayari, akisubiri alitoe wote wasikie, maneno yaishe. Ile imani iliyokuwa katika macho yale ndiyo iliyomshinda.

"Ni dawa, mzee," akasema.

Akawaeleza. Kabla hajaijua Mtinko, lori lilimlalia kwenye mlima wa Sekenke, breki zilipogoma. Walimtoa akiwa hai, lakini mgongo ulikataa. Alilala hospitali mpaka akasahau rangi ya barabara, na alipotoka alikuwa hawezi hata kuinama afunge kiatu. Mtaalamu mmoja wa viungo ndiye aliyemkatia ule mpira na kumwonyesha. Akamwambia: popote utakapolala, uvute, nyumbani, gesti, chini ya gari, msibani, harusini. Ukiuacha siku moja, mgongo hautakudai. Ukiuacha siku kadhaa, utaamka umefungwa kama mlango. Na ndivyo ilivyo. Akiuvuta anaendesha, anabeba magunia, analima kwa babaye akienda likizo. Asipouvuta hainuki kitandani.

Asnath alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Yale macho yalikuwa yamebadilika.

Shangazi Elizabeti ndiye aliyetangulia kusema, na safari hii hakuwa anatania. Akasema kwa hiyo tunaozesha mgonjwa. Akasema binti yao hakulelewa ili akambebe mtu.

Mzee Mughwai akanyoosha mkono, dadaye akanyamaza.

"Sikulaumu kwa kuumia, mwanangu. Kuumia si tabia. Lakini mimi nalala na mtu mwenye mgongo." Alisema hivyo akitazama chini, akichorachora udongo kwa fimbo. "Kila asubuhi anaamka kabla yangu, anashika ukuta, anashika kitanda, anauma kanga asitoe sauti. Mimi nafumba macho nijifanye nimelala, asije akaona haya. Ninajua asubuhi za nyumba ya namna hiyo. Sasa nimtie na mtoto wangu humo, nikijua? Utanisamehe. Naona posa irudi."

Ndani ya chumba kigoda kikasogea, kikatulia.

Noel alisimama, akainamisha kichwa, akasema ameelewa. Hakuomba. Akaenda zizini kufungua mpira wake ili awahi gari la asubuhi.

Asnath alimfuata. Shangazi alimwita, hakugeuka.

Alimkuta akihangaika na fundo. Akasimama upande wa pili, nguzo katikati yao. Asubuhi ile ilikuwa na ule upepo mkavu wa kwetu, unaopeperusha vumbi na maganda ya alizeti, ukachukua ncha ya kanga ya Asnath ukaipeleka upande wa Noel, yeye akairudisha.

"Nilikuuliza ni wa nini," akasema.

"Uliniuliza."

"Ukaniambia mizizi. Nikacheka kama mjinga."

"Nilikuwa nakuja kusema kweli, Asnath. Nilianza na utani ili nipate pumzi. Ukacheka. Nikaona kama nitasema neno lingine kile kicheko kitakwenda na hakitarudi."

"Kwa hiyo umekitunza kicheko. Hongera."

Noel alirudi kwenye fundo.

"Vitanzi hivyo nimevishona mimi. Kwa uzi wa magunia, nikarudia mara ya pili nikidhani ni mchezo wako wa ujana. Nimeshona kitu kinachokuinua kitandani na sikujua. Kingekatika ukiwa peke yako huko Nduguti, mimi hapa ningekuwa nashona na kuimba."

"Ningekuambia mgongo wangu ni mbovu, ungenitazama kama mzee alivyonitazama leo."

"Umejuaje? Hukunipa nafasi ya kukutazama."

Hilo lilimwingia. Akaacha kuhangaika na fundo.

Asnath alifuta macho kwa kiganja, haraka, kama anayefukuza nzi. Akasema, sauti ya chini kuliko mwanzo, kwamba si mgongo unaomuuma yeye. Migongo anaijua, amekulia kwenye nyumba yenye mgongo. Mama anaficha ili baba asione, baba anafumba macho ili mama asijue ameonwa, na mtoto kitandani kwake anawasikia wote wawili. Watu wanaopendana hivyo, na kila kunapokucha wanadanganyana. "Leo ndiyo mara ya kwanza baba kulisema," akasema. "Amelisema mbele ya mgeni, mbele ya shangazi. Mimi nyumba kama ile sitaki nyingine, Noel. Na wewe umeshaanza kuijenga kabla hata hujanioa."

Kabla Noel hajajibu, wakasikia mama akiita kutoka chumbani.

Asnath aliingia. Akamkuta mamaye amekaa ukingoni mwa kitanda, kanga begani, macho mekundu lakini uso umetulia. Hakuuliza kuhusu posa. Alimwambia amuulize huyo mgeni, kabla hajaondoka, mgongo wake alipotoka hospitali ulikuwa unauma wapi: juu, au hapa chini penye mshipi?

Asnath alimtazama mamaye asimwelewe.

"Kamuulize," akasema Mama Rahabu. "Mimi siwezi kumsemeza."

Chumba kile kilikuwa na kidirisha kidogo, kinatoshea kichwa cha mtu. Asnath alipanda kwenye kigoda, akachungulia nje, akamwita Noel aje asimame ukutani. Akauliza. Noel akajibu, hapa chini, penye mshipi. Asnath akageuka ndani akasema, chini mama, penye mshipi. Mama akasema na yeye ni hapo hapo. Je, anaweza kufundishwa mtu mzima, au ni mambo ya vijana?

Ndivyo somo lilivyoanza, watu wawili wasioonana na mmoja juu ya kigoda anayewaona wote. Noel alikaa chini nje, mgongo ameuegemeza ukutani. Upande wa pili wa ukuta huo huo Mama Rahabu alilala chali kwenye ngozi ya ng'ombe.

"Mwambie mama akunje magoti, nyayo zikae chini," akasema Noel.

"Kunja magoti, mama. Nyayo chini."

"Akandamize kiuno kwenye ngozi kama anaua mdudu."

"Ua mdudu, mama, kwa kiuno."

"Mdudu gani?" akauliza mama.

"Anauliza mdudu gani."

Noel akafikiri. "Kupe."

Mama Rahabu akakandamiza. Akaambiwa avute pumzi, ainue kiuno kidogo tu, si daraja zima, nusu ya daraja, ashushe polepole. Akainua. Akatoa sauti ya maumivu, na uani Mzee Mughwai akainuka nusu kwenye kigoda chake. Kisha akaambiwa apumzike, arudie. Noel akaenda kuufungua mpira zizini, akaupenyeza kwa Asnath kidirishani, mama akatia nyayo kwenye vitanzi, akashika katikati, akasukuma taratibu mguu mmoja mmoja, na Noel kila mara akauliza: hapo pameuma au pamevuta? Kuuma na kuvuta ni vitu viwili, mwambie mama, akiona panauma aache, akiona panavuta aendelee. Hakuwa na haraka wala aibu tena. Alisema kwa sauti ya mtu aliyewahi kulala mahali hapo alipolala mwenzake.

Mama akaketi. Halafu akafanya jambo ambalo Asnath hakuwa amewahi kuliona: akasimama bila kushika ukuta. Uso ulikunjamana, haikuwa muujiza, lakini ukuta hakuushika. Akacheka kidogo peke yake, kicheko kile kile cha kuinamisha kichwa.

Asnath alibaki juu ya kigoda. Chini yake, nje, aliona utosi wa Noel na mikono yake imelala magotini. Angeweza kushuka. Somo lilikuwa limekwisha, na gari la asubuhi halikuwa limepita bado.

"Mama anauliza," akasema, "siku mgongo ukikufunga kabisa ukawa huinuki, utamwambia binti yake, au utamwambia umechoka na safari?"

Mama Rahabu hakuwa ameuliza neno kama hilo. Aliinua uso kumtazama bintiye kule juu, akakaa tena kwenye ngozi.

"Mwambie nasubiri," akasema taratibu.

Nje, Noel hakuinua kichwa. Aliweka kiganja juu ya udongo wa ukuta.

"Mwambie mama, kabla sijatia mguu chini nitamwambia mwanawe. Kama ni asubuhi ya kuvuta nitasema, kama ni ya kuinuliwa nitasema. Nikiwa safarini nitakuja kumsimulia nikirudi, hata kama yamekwisha." Asnath alidhani amemaliza. "Mwambie na hili. Ninaogopa. Tangu lori lile linilalie, kila ninapolala naogopa, sijui nitaamka mtu gani. Ndiyo maana nauvuta hata nikiwa na homa. Hilo sijamwambia mtu, hata mama yangu kule Kiomboi. Nilidhani mwanamke akimjua mwanaume ana hofu hataolewa naye."

Asnath aligeuka ndani ili apeleke maneno. "Anasema," akaanza. "Mama, anasema kwamba..."

"Nimesikia, mwanangu," akasema Mama Rahabu. "Ukuta wenyewe si mnene."

Si yeye peke yake aliyesikia. Uani Alute alikuwa ameacha kukuna kichwa. Mzee Mughwai alikuwa amesimama, fimbo mkononi, akiutazama ukuta wa nyumba yake kama aliyeuona leo.

Shangazi Elizabeti alikuwa mtu wa kumaliza mambo. Hakuwa mbaya, alimpenda mtoto wa kaka yake kwa namna ya kufunga milango. Akasema yote hayo ni maneno mazuri, lakini kaka yake ameshatamka posa irudi, na mtu mzima hamezi mate aliyokwisha kuyatema. Akapaza sauti kuelekea chumbani.

"Wifi Rahabu. Posa imerudi, basi huyu si mkwe tena, ni dereva mpita njia aliyekufundisha jambo jema. Hakuna aibu iliyotokea wala hakuna mbuzi. Toka umpe mkono, umshukuru kwa mdomo wako, aende zake."

Na kweli alikuwa amesema sawa. Ndivyo sheria ya ukwe ilivyo: asiye mkwe hakimbiwi. Mama Rahabu akitoka kwa mlango wa mbele, akamtazama kijana usoni na kumpa mkono, kila kitu kimekwisha na hakuna aliyemtukana mwenzake. Wote wakalijua hilo. Alute akafumba macho. Noel, pale chini ya kidirisha, alisimama akapangusa vumbi suruali, tayari kupokea mkono.

Mzee Mughwai aliutazama mlango wa mbele. Alingoja kama wengine.

Wakasikia komeo likivutwa. Halikuwa la mbele. Lilikuwa la mlango wa jikoni, nyuma.

Mama Rahabu alitokeza upande wa nyuma ya nyumba, kanga imefunika kichwa mpaka kwenye paji, uso ameuinamisha, kibuyu kingine mkononi. Njia ya kwenda zizini ilikatiza uani, hatua chache tu. Yeye akaiacha. Akazunguka kwa nje, nyuma ya kihenge, nyuma ya rundo la kuni, kwenye mawe na miiba, njia ndefu ambayo mwenye mgongo kama wake hakuwa na sababu ya kuichukua duniani isipokuwa moja. Alitembea polepole, na hakushika kiuno.

Noel alipoona ile kanga kwa pembe ya jicho akageuka mara moja, akaelekeza uso ukutani, paji likagusa udongo, kama anavyofanya mtoto wa watu aliyefundishwa. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Mzee Mughwai alimtazama mkewe mpaka akaingia zizini. Kisha akaketi.

"Alute," akasema, "vuta kigoda chako. Tulikuwa hatujamaliza habari ya ng'ombe."

Shangazi Elizabeti akatikisa kichwa, akauliza chai iko wapi, kwa kuwa watu hawahesabu ng'ombe na njaa.

Asnath alikuwa ameshashuka kigodani. Alitoka kwa mlango wa mbele, akazunguka ukuta, akaja kusimama nyuma ya Noel, karibu kiasi cha kuona jasho kwenye shingo yake na ile kola iliyobanwa mno. Hakumgusa. Alisubiri pumzi zake zitulie.

"Bado nimekasirika," akasema.

"Najua."

"Ameshapita," akasema Asnath. "Geuka sasa. Niangalie mimi."